Nina laki tano, nataka besi yangu ya kwanza. Naletewa ya nyuzi tano, nichukue au napigwa?

Mgeni wa Besi
Wakuu habari za jioni. Naenda kwenye mada moja kwa moja maana najua humu mtu akizunguka sana mnampotezea.

Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya nne mwaka wa sita huu. Mpiga besi wetu kahamishwa kikazi Mpanda, kaondoka na gitaa maana lilikuwa lake mwenyewe, sasa hivi mtu wa kinanda ndo anatupigia besi kwa mkono wa kushoto na kusema ukweli nyimbo zimepoa, watu wanaimba wamekaa. Juzi mazoezini mwalimu akaniangalia akasema wewe si unaimba besi, basi hata gitaa la besi mtaelewana. Watu wakacheka ila yeye hakucheka.

Nimejichanga nina laki tano kamili. Besi sijawahi kushika zaidi ya kumsaidia jamaa kulibeba. Kuna kijana jirani na kazini anauza lake, nyuzi tano, jeusi linang'aa balaa, lina vinobu vitano na sehemu ya kuweka betri, anataka laki nne na themanini, eti kanipunguzia toka sita kwa sababu mimi mtu wa kanisa. Anasema nyuzi tano ndo ya kisasa, nikianza na nne nitajuta. Nichukue? Na nikishachukua kuna kingine nahitaji au nachomeka kwenye spika za kanisa maisha yanaendelea?

Ndege Mtini
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Swali hilohilo ninalo ila mimi nina laki mbili na nusu, msinicheke.

KidoleGumba
Chukua mkuu, unaulizia nini tena. Kwaya za sasa hivi bila ule uzi wa tano, B, wa chini kabisa huendi popote, chini kunakuwa hakuna uzito. Nyuzi nne ni za wazee.

Mzee wa Bendi
Nyie mnaonipa shikamoo marahaba, na wewe KidoleGumba marahaba japo hujanipa.

Hizo za wazee unazozisema, Leo Fender kule Marekani alitoa besi ya Precision mwaka 1951 ikiwa na nyuzi nne, E A D G kuanzia ule mnene, akaleta Jazz Bass 1960, nyuzi nne vilevile, na mpaka leo ukiingia duka lolote la magitaa nusu ya besi zilizotundikwa ni watoto na wajukuu wa hizo mbili. Decca Mpudi alivyokuwa anatembeza besi nyuma ya Franco pale TPOK Jazz ya Kongo watu walikuwa wanatoka jasho, hakuna aliyesimama kuhesabu nyuzi. Uzito wa besi uko kwenye mkono na kwenye kujua lini unyamaze. Kijana mleta mada usinunue kwanza, subiri mafundi waje.

fundi_wa_shingo
Nimeitwa nimekuja. Kazi yangu ni kutengeneza magitaa, mengi ya makanisani, kwahiyo nitakayosema nayaona mezani kwangu kila wiki.

Mleta mada tatizo lako la kwanza sio nyuzi ngapi, ni hesabu. Una laki tano unataka kutoa nne na themanini, unabaki na elfu ishirini, hiyo elfu ishirini haikununulii hata waya wa jeki unaoeleweka. Besi ya kwanza unatakiwa ukishalipa ubaki na kama theluthi ya hela yako mfukoni, kwa sababu kuna waya, kuna mkanda (chukua mpana, besi ina kilo nne hivi, mkanda mwembamba utakukata bega kabla sadaka haijapita), kuna begi maana daladala haina huruma, kuna fundi wa kuiweka sawa, na kuna kitu cha kukusaidia ujisikie ukiwa nyumbani. Hiki cha mwisho ndo watu wanakisahau halafu besi inalala juu ya kabati.

La pili hiyo betri. Besi yenye betri tunaiita aktivu, ndani kuna saketi ndogo inayokula betri ya volti 9, na inawaka pale tu unapochomeka jeki. Maana yake ukimaliza mazoezi Jumamosi ukaacha waya umechomekwa, betri inalika usiku kucha, na ikiwa ilishachoka Jumapili katikati ya wimbo wa kuingilia sauti inaanza kukoroma kama mgonjwa halafu kimya. Nimeletewa besi "mbovu" za hivyo sijui ngapi, nabadilisha betri mwenye mali anaona aibu. Sio kwamba aktivu ni mbaya, ila mwanafunzi mpe pasivu, yaani isiyo na betri, vinobu vitatu, volyumu mbili na toni moja, hakuna kitu cha kufa humo ndani.

La tatu huo uzi wa tano. E ya kawaida inatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, ule B ni kama mara 31. Spika ndogo haiwezi kuitoa hiyo, unasikia mngurumo tu usiojua ni noti gani. Halafu kwenye besi za bei ya chini B mara nyingi unakuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, shingo nayo inakuwa pana, na wewe bado hujajua kunyamazisha nyuzi unazopita bila kupiga. Unajiongezea kazi kabla hujaanza kazi.

KidoleGumba
Fundi unatisha watu bana. Mimi nilianza na tano na nipo.

Ndege Mtini
KidoleGumba isije ikawa wewe ndo yule kijana wa jirani na kazini kwake 😂

KidoleGumba
Mimi nipo Mwanza acheni uzushi.

Mgeni wa Besi
Fundi ubarikiwe, ila kuna kitu kinanitatiza. Nyimbo zetu nyingi doh ni Eb au Ab (E flati, A flati), mtu wa kinanda anapenda flati kama chai na maandazi. Yule kijana kaniambia nyuzi nne inaishia E kwahiyo Eb siipati na hapo ndo alinimaliza kabisa. Ni kweli?

Mzee wa Bendi
Ni nusu ya kweli, ndo uongo mzuri unavyotengenezwa.

Eb ya chini kabisa, ile inayokaa chini ya E, kweli hauna. Ila Eb nyingine zimejaa. Uzi wa A freti ya sita (freti ni vile vichuma vilivyokatiza shingo) ni Eb. Uzi wa D freti ya kwanza ni Eb. Ab unayo uzi wa E freti ya nne, imeshiba, wala huhitaji kwingine. Bb uzi wa A freti ya kwanza, au uzi wa E freti ya sita. Na siku ukiona lazima upate ile ya chini, legeza nyuzi zote nusu hatua, ule uzi mnene wa E unakuwa Eb wazi, bendi kibao zinafanya hivyo. Sisi tulipiga miaka na miaka na waimbaji waliokuwa wanabadilisha ki ya wimbo kutegemea wamelalaje, hakuna aliyelia uzi wa tano.

Dada wa Alto
Naomba niongee na mimi ndo mpiga besi wa kwaya yetu, mwaka wa tatu sasa, na nina mkono mdogo.

Mnataja nyuzi tu hakuna anayetaja urefu. Besi ya kawaida uzi una inchi 34 kutoka kwenye ule mfupa wa kichwani mpaka kwenye daraja, zile freti za mwanzo ziko mbali mbali mno, kidole cha mwisho kinavutika mpaka unahisi kitachomoka. Zipo fupi za inchi 30, Squier wanayo inaitwa Bronco, na Ibanez wana ya Mikro ambayo ni fupi zaidi, inchi 28 na kitu. Watu wanaziita za watoto waache waite. Na hata kwenye hizo ndefu shingo ya aina ya Jazz ni nyembamba pale kichwani, kama milimita 38, ya Precision ni pana kuliko hapo. Mimi ninayo ya Jazz na mkono umezoea, lakini mwezi wa kwanza nililia, nisidanganye. Kaka Mgeni kabla ya kununua kaa nayo, simama nayo na mkanda, achia mkono wa kushoto uone. Kuna nyingine ukiachia tu kichwa kinadondoka chini, sasa utapiga huku umebeba shingo kama mtoto aliyelala, ibada nzima.

Msee wa Umoja
Salamu kutoka Nairobi. Wacha niwaambie venye mimi nilichapwa ndo nyinyi msichapwe. Niliona besi ya mtumba kwa mtandao, picha safi, bei ya kutupa, nikatuma pesa yote, ikaletwa na basi. Kufungua, kichwa kilikuwa kimevunjika kikagluiwa, na kwa picha walikuwa wamekinga hapo na mkanda. Wiki mbili nyuzi zikavuta ikapasuka tena. Nilipiga simu, mteja wa namba unayopiga. Kwa hivyo msinunue besi hamjashika, hata kama ni ya pastor.

Mgeni wa Besi
Pole sana mkuu. Sasa nikishaishika naangalia nini? Maana hata nikiishika ni kama kumpa mbuzi gazeti.

fundi_wa_shingo
Haya tulia usome taratibu, hii ndo faida ya mada yote.

Kwanza usiangalie rangi. Inyanyue, weka jicho pale mwisho wa mwili uchungulie shingo mpaka kichwani, kama fundi seremala anavyochungulia ubao. Unatafuta mambo mawili, imepinda, au imejinyonga, yaani upande mmoja umepanda mwingine umeshuka. Kupinda kidogo sio ugonjwa, ndani ya shingo kuna chuma tunaita trasi rodi, inakazwa na ufunguo wa L robo mzunguko, unasubiri, unaangalia tena. Kujinyonga ndo ugonjwa, hiyo irudishe ilipokuwa, usihurumie. Kupima kupinda, bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mwingine, angalia hapo katikati karibu na freti ya saba, kuwe na upenyo kidogo sana kama unene wa kadi ya benki nusu. Uzi ukiwa umelala kabisa au ukipitisha penseli, uliza chuma kinageuka? Muuzaji akisema hakijawahi kuguswa mwambie akiguse mbele yako. Kikiwa kimeganda shukuru uondoke.

Pili piga kila freti kila uzi. Najua ni kama noti themanini na wauzaji wanachukia, piga tu. Inayokoroma zzzz peke yake maana yake freti moja imenyanyuka au imelika. Zikikoroma zote mwanzoni ni shingo, hiyo inarekebishika. Pale freti ya 12 uzi uwe juu ya freti kama milimita mbili mpaka tatu, ukiona tano na chuma kinagoma achana nayo, utaumia vidole utasema besi ni ngumu kumbe ni gitaa.

Tatu fungua app ya tuna kwenye simu, ile ya kupima sauti ya nyuzi. Piga uzi wazi uweke sawa halafu bana freti ya 12, ni noti ileile ya juu yake. Ikisoma sawa vizuri, ikipitiliza kidogo kuna skrubu kwenye daraja zinasogezwa. Na simu nyingi maiki yake haisikii E vizuri, sindano inacheza cheza tu, hapo gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuubana ndo upige, itasoma.

Mwisho umeme. Zungusha vinobu vyote huku imechomekwa, ikichachatika ni vumbi, spirei ya kusafishia inaondoa. Tikisa jeki, sauti ikikatika ni waya umeachia, fundi redio yeyote anauchoma na risasi dakika tano. Vitu vya umeme visikutishe na usivitumie kukataa besi, vitumie kupunguza bei.

Na jina lililoandikwa kichwani lisikudanganye, jina linabandikwa. Shingo haibandikwi.

Ndege Mtini
Nimeikopi yote nimejitumia mwenyewe.

Mtu wa Mixa
Nijibu lile la kuchomeka maana naona limeachwa. Ukichukua besi pasivu ukachomeka moja kwa moja kwenye mixa sauti itatoka nyembamba, imekauka, utadhani umeuziwa takataka. Ile ishara ni dhaifu na mixa haielewani nayo, katikati panatakiwa kidude kinaitwa DI boksi. Kanisani kwenu waulize, mara nyingi ipo imetupwa kwenye droo na nyaya zilizokufa. Kama kuna ampu ya besi basi tumia hiyo.

Nyumbani usichomeke kwenye sabufa ya sebuleni ukafungulia, utakuja kuniuliza kwanini spika inakwaruza. Kwa sauti ndogo sana sawa. Bora ununue kidude cha hedifoni, Vox wanacho cha besi kinachomekwa kwenye gitaa lenyewe kinakula betri mbili ndogo, au ampu ndogo ya mtumba.

Houston Tupo
Wenye ndugu huku nje, siri moja. Besi nyingi shingo imefungwa na skrubu nne nyuma. Legeza nyuzi, fungua hizo nne, mwili na shingo vinaingia kwenye begi kubwa la nguo kama suruali. Nimeshapeleka mbili Dar hivyo. Mtumba wa Squier au Ibanez huku ni rahisi kuliko mpya ya huko, ila ndugu yako akae nayo kwanza sio aokote tu.

Mgeni wa Besi
Wakuu nimerudi, ni wiki na siku mbili.

Jumamosi nimeenda kwanza kwa yule kijana, nikamwambia naomba nichungulie. Nikachungulia. Jamani. Shingo imejinyonga mpaka mimi mbumbumbu nimeiona, ni kama ubao uliolala mvuani. Nikamuuliza chuma kinageuka akaniuliza chuma gani. Nikamshukuru nikaondoka, akanishushia mpaka laki tatu na nusu nikiwa tayari geti la nje.

Nikaenda Kariakoo, maduka matatu. La kwanza hawaruhusu kujaribu, eti ukishachomoa kwenye nailoni umenunua. Nikatoka. La pili mpya za pasivu zipo ila nyuzi ziko juu kama nyaya za umeme na yule muuzaji anasema ndo zinavyotakiwa. La tatu mzee mmoja anauza na mitumba nyuma ya kaunta, akaniletea Yamaha TRBX174, nyuzi nne, pasivu, imechubuka hapo mgongoni, kinobu kimoja hakina kofia, nyuzi zina kutu mpaka vidole vinakuwa vya kahawia. Nikapiga noti zote, mzee akavuta stuli akakaa akaangalia. Kulikuwa na moja tu inakoroma. Akaniambia wewe unapiga wapi, nikamwambia sijui kupiga, akacheka mpaka akakohoa. Alianza na laki nne, kinobu na kutu vikaniokolea, nimetoka nayo kwa laki tatu na arobaini.

Waya, mkanda, begi, na kidude cha hedifoni cha kuazima. Fundi kanirekebishia kwa elfu thelathini. Imebaki hela ya nyuzi mpya lakini nimeona bei yake nimekaa chini.

fundi_wa_shingo
Safi sana. Nyuzi usikimbilie, za besi sio kama za solo. Zitoe, chemsha kwenye sufuria ya maji dakika kumi, kausha kabisa na kitambaa halafu juani, rudisha. Zinaamka kwa muda, zinakupa mwezi wa kujipanga. Na hapo Dar chumvi ya hewani ina kazi yake, kila ukimaliza kupiga futa na kitambaa kikavu, mzee aliyetangulia ni dhahiri hakufuta.

Dada wa Alto
Sufuria isiwe ya ugali tu kaka, shemeji atakutoa wewe na besi.

Mgeni wa Besi
Umechelewa dada, nimeshanunua nyingine 😭

Swali la mwisho, kile kidude cha kuazima mwenyewe kakichukua. Nakaa chumba kimoja cha kupanga, usiku nataka kufanya mazoezi bila kuchomeka ila besi kavu haisikiki hata kwangu mimi.

Mzee wa Bendi
Una kabati la mbao? Kaa karibu nalo, gusisha kichwa cha besi kwenye mlango wa kabati kiegemee kidogo, halafu piga polepole. Utashangaa.

Mgeni wa Besi
Mzee!! Kabati zima linaimba. Nilikuwa na ule wimbo wa doh Eb, freti ya sita kama ulivyosema, mara mama mwenye nyumba kagonga anauliza kuna friji nimeingiza bila kumwambia, maana luku ni ya wote.

Ndege Mtini
😂😂😂 Lile duka la tatu ni mtaa gani mkuu? Nimefikisha laki mbili na themanini.

KidoleGumba
Ndege Mtini njoo PM, nina ya nyuzi tano.